Namba Tatu

Mwalimu Tumsifu aligawa kazi kwa chaki
kwenye kipande cha ubao ambacho hakijavimba kwa unyevu:
nahodha, rubani,
mtaalamu wa safari namba moja, mbili, tatu,
mtunza mzigo.
Sita tu. Sisi tulikuwa sitini na wanane.
Waliobaki, akasema, ni Dunia,
na Dunia nayo ina kazi: kukaa redioni, kusikiliza.

Chombo kilikuwa boksi la jokofu,
mabawa ni plaiwudi ya karakana ya baba yake Chande,
hapo Keko, wanapopanga vitanda barabarani
sita kwa sita, havina godoro,
vikimsubiri mwenye harusi.

Watatu waligombea unahodha.
Mwalimu akakohoa vumbi la mbao.
Manahodha wengi, alisema, chombo huenda mrama,
akampa Mwamvita, ambaye hakuomba,
aliyejua kunyamaza wenzake wakipayuka.
Pendaeli, rubani: asome orodha kwa sauti,
hata ile aliyokwisha kuihifadhi.
Anyimike atatoka nje, aelee,
kamba ya katani kiunoni.
Sefu atamshika kwa mkono wa mashine,
yaani kingoe cha bibi yake cha kuangulia mapapai.
Zulekha, panzi ndani ya kiberiti:
aandike panzi anafanyaje pasipo uzito.

Namba tatu ni mimi.
"Wewe utabadilisha vichujio vya hewa.
Na choo kikiziba, wewe."

Dunia nzima ilicheka.

Nikauliza, nisipobadilisha?
Yeye hakucheka. Pumzi mnayoitoa, akasema,
haina pa kwenda, inawarudia.
Kwanza kichwa kinagonga.
Halafu nahodha anasoma saba akidhani ni moja.
Halafu mnasinzia, wote, kwa adabu,
na chombo kinaendelea kuizunguka Dunia
kwa mwendo uleule.

Siku ya kuruka tuliazima ngurumo:
msumeno wa jirani ndiyo injini yetu.
Kumi. Tisa. Nane.
Ilipofika tatu umeme ukakatika, Keko nzima,
msumeno ukafa na mbao mdomoni.
Tukabaki ardhini, gizani, ndani ya katoni,
jasho la Sefu likinidondokea shingoni.

Ndipo Dunia ikaanza.
Mmoja akavuma kwa midomo, kisha wawili,
kisha watoto sitini na wawili wakapiga madawati
mpaka chokaa ikadondoka dari.
Mbili, akasema Mwamvita, kama hakuna kilichotokea.
Moja.

Huko juu nilibadilisha makopo mawili ya maziwa ya unga
yaliyojaa mkaa.
Hakuna aliyenitazama.
Nahodha alisoma namba zake sawasawa hadi tulipotua.

*

Saa tisa usiku, Temeke, wodi ya watoto njiti.
Nina bisibisi, nina kitambulisho chenye picha mbaya.
Sista Bahati wa zamu anasoma chati kwa sauti
ingawa anaijua,
na msaidizi wake anamtazama yeye, kisha saa.
Ndani ya vioo wamelala sita,
kila mmoja na kamba yake puani,
wakielea katika kilo moja na nusu,
kilo moja na robo.

Nafungua ubavu wa mashine ya oksijeni.
Kichujio kimekuwa cheusi: vumbi la barabara ya Mbagala,
moshi wa malori yanayotoka bandarini,
jiji lote linalojaribu kuingia puani mwa watoto.
Natoa. Naweka kipya. Nasubiri sindano itulie kwenye kijani.
Mmoja anapiga chafya ndogo, kama kiberiti kilichokataa kuwaka.
Sista hageuki.

Naandika kwenye fomu: saa tisa na dakika kumi na moja.
Nasaini.

Simu inatetemeka mfukoni:
choo cha wodi namba mbili kimeziba.

Nachukua glavu.