Futuri Kasoro Wanda

Zeyana alikuja na koti la kulengea shabaha,
mtumba wa Kongowea, mikono imempita,
akasema: Shangazi, nitilie mto hapa,
penye bega. Bunduki inanipiga.

Inakupiga kiasi gani?
Akafikiri. Sana, akasema.
Tepu yangu haina namba ya Sana.
Nashona mwaka wa ishirini na sita hapa Majengo,
sijakata kitambaa kwa kipimo hicho.

Jumamosi tukaenda Nguu Tatu, nyuma ya machimbo,
kwenye kibanda cha klabu yao,
pamoja na Mwalimu Ngonyo, jirani, wa fizikia,
aliyefuata hesabu na, nadhani, mahamri yangu.
Shekue, mtunza silaha, akaitundika bunduki
kwa kamba mbili kwenye boriti, mita mbili kila moja,
ikalala hewani kama mtoto kwenye susu.
Uzi mwembamba kwenye kifyatuo,
sote nyuma ya ukuta.
Pa!
Zeyana alifumba macho kabla.
Hilo nililiona, nikaliweka.

Bunduki ilirudi nyuma, ikaacha alama ya chaki ubaoni.
Mwalimu akapapasa mifuko akitafuta rula.
Mimi nilishatandaza vidole:
futuri kasoro wanda.
Akapima naye. Sentimita kumi na tano.
Akanitazama upya, kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Mahesabu nayasema nilivyoyasikia:
bunduki, kilo tatu, kwa mizani ya muuza vitunguu;
risasi, gramu mbili na nusu na kitu, kwa mizani ya sonara,
aliyeisafisha mara mbili tulipoondoka;
mwendo umeandikwa kwenye kisanduku,
mita mia tatu na thelathini kwa sekunde.
Zidisha. Ongeza moshi, akasema,
moshi nao una uzito wake,
tena hutoka kwa pupa kuishinda risasi yenyewe.
Gawanya kwa tatu. Kinachobaki
ni mwendo wa mtoto anayetambaa akimfuata mamake.

Na nguvu, nikauliza, pale begani?
Mwalimu akasita.
Inategemea nyama inabonyea kiasi gani
kabla ya kuizuia. Hapo sina namba.

Ninayo mimi.
Nimebonyeza mabega ya mabibi harusi na ya mahamali,
nayajua: la msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba,
hubonyea nusu wanda, halafu ni mfupa.
Akaandika nusu wanda, akakokotoa
nyuma ya risiti ya tokeni za umeme.
Kilo mbili, akasema. Kwa kukadiria.
Pakiti ya unga ikikuegemea
kwa muda usiotosha kutamka pakiti.

Sote tukamgeukia Zeyana.
Pakiti ya unga! Huyu anayepandisha mtungi wa gesi
hadi ghorofa ya tatu bila kutua!
Akakwangua chaki iliyomganda kidoleni.
Hainiumizi, akasema. Ila najua inakuja.

Mwalimu akaikunja risiti.

Nami nina cherehani iliyonidunga kidole gumba
mwaka wa kwanza, sindano ikatokea upande wa pili wa ukucha.
Maumivu, siku tatu.
Mguu ulikataa kukanyaga mpaka Ramadhani ikaisha.

Usiku ule nikakata kaniki, tabaka nne,
pamba katikati, unene wa wanda mzima,
mara mbili ya kile ambacho mfupa ungeomba.
Nilipomvisha nikampiga kofi pale begani,
ghafla, bila kumwonya, huku nikimuuliza habari za shule.
Nikampiga tena. Akacheka, akajibu: Salama.
Nilimtoza uzi tu.

Jumamosi ya pili Shekue akanipigia simu.
Amefumba jicho moja, akasema,
lile linalotakiwa.