Jino Moja

Nyamizi habembelezwi bei.
Kibanda chake Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri,
kina ndoo ya oili chafu, redio iliyovuliwa ganda,
na sproketi zimetungwa kwenye waya
kama maandazi ya chuma.
"Mbele una meno kumi na manne," aliniambia,
akihesabu kwa ncha ya bisibisi.
"Nikikuwekea kumi na tano, injini itapumua.
Ila vilima vitakujua kwa jina."

La vilima sikulisikia. Nilisikia la kupumua.

Maana mimi na petroli tuna kesi ya siku nyingi.
Asubuhi naimwaga elfu kumi, jioni tangi linalia debe tupu,
na Bwana Mwakyambiki, mwenye pikipiki,
anataka hesabu yake mvua inyeshe, jua liwake,
abiria wapande au wasipande.

Akalegeza nati ya nyuma, akasukuma gurudumu mbele,
cheni ikalegea kama mkanda wa mtu aliyeshiba.
Ile ya zamani ikatoka, meno yamechongoka,
yameinama upande mmoja, upande wa safari.
Akanitia mkononi, bado ina moto.
"Kaa nayo. Mtu hatupi jino lake njiani."

Barabara ya Kilwa imenyooka, haina kinyongo.
Nilijaza tangi mpaka shingoni,
nikaandika kilomita kiganjani kwa kalamu ya mwanangu.
Sabasaba, Mtoni, Rangi Tatu, na kurudi;
gia ya tano, hamsini kwa saa,
Boksa inanong'ona kama mtu anayesali peke yake.
Kesho yake nikajaza tena, nikagawanya.
Lita moja, kilomita arobaini na tisa.
Zamani arobaini na tano.
Niligawanya mara tatu,
shuleni hesabu haikuwahi kunipenda.

Faida: mia nane na kitu kwa siku.

Usicheke.
Mia nane ni chapati mbili.
Mia nane mara thelathini ni viatu vya shule,
vyeusi, vya kufunga kamba.

Jioni ile, Tandika, Siwatu alinipokea mlangoni
na kijipengo kibichi, damu kidogo kwenye mdomo,
jino tayari limeshatupwa juu ya bati.
Nikamweleza habari ya Nyamizi.
Akachuchumaa, akachungulia chini ya injini.
"Langu limetoka," akasema,
"kumbe lake ndiyo linaota."

Alhamisi nikapata abiria wa Goba.
Mama mwenye kiroba cha sembe, kilo ishirini na tano,
na dumu la mafuta ya kula mkononi.
Kilima kile hakina salamu.
Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza,
klachi ikaanza kunuka kama ugali ulioungua,
Boksa ikakohoa,
ikaomba radhi,
ikazima.

"Kaka, hii yako ina pumu?"

Akashuka. Akapanda kwa miguu, dumu mkononi,
mimi nyuma nasukuma sembe iliyokaa kwenye siti
kama bibi harusi.
Juu kabisa akatoa elfu tatu,
akazitazama, akachomoa moja, akairudisha kwenye khanga.
"Hii nauli ya magoti yangu."

Sikubisha. Ningebisha na nani?
Elfu moja, toa mia nane na kitu:
siku hiyo kilima kilinila chenji.

Sijarudi Gerezani.
Kijiweni sasa namuuliza mtu aendako
kabla sijamuuliza hali.
Wa Mbagala, karibu. Wa Kurasini, karibu sana.
Wa Goba namtazama kwanza mizigo,
halafu naitazama Boksa,
nayo inatazama pembeni.

Na lile duara la zamani liko dirishani,
limekalia daftari la hesabu
feni isipeperushe kurasa.
Siwatu hupitisha kidole juu ya meno yake,
anahesabu, anapotea, anaanza upya.
"Kumi na tatu, Baba."
"Kumi na manne."
"Kumi na tatu," anasema,
ulimi wake unasukuma pengo.