Limeandikwa Hilo?

Nilikinunua kwenye turubai karibu na Posta ya Zamani,
elfu tatu, baada ya kuvutana kutoka tano,
jalada limeliwa pembe na mende
na ndani mtu kaandika kwa penseli:
Mwanahawa, usisahau kurudisha.
Alisahau.

Macho yako yameingia ukungu, Muhimbili wamekupangia Septemba,
basi kila baada ya isha macho ni mimi:
nakaa upande wa taa, miguu ndani ya beseni,
nasoma habari za Inspekta Mgoha
asiyelala, asiyemaliza chai yake,
miaka kumi na tisa anamtafuta muuaji mmoja.

Wewe husikilizi. Unakagua.
"Kakishika kisu bila glavu? Kielelezo kimekufa hicho."
"PF3 iko wapi? Nani kasaini?"
"Gwaride la utambulisho kwa watu watano!
Andika hapo pembeni: wanane."
Nami naandika pembeni, wanane,
kwa penseli ya hesabu ya mjukuu.

Tulipofika pale Mgoha anapobandika picha za marehemu
kwenye ukuta wa chumba cha kulala,
ukanyamaza.
Nilijua ulikokwenda.
Gerezani, masika ya themanini na nne,
karani wa ghala la vipuri, Tabu binti Mlekwa.
Kiatu kimoja. Cha kushoto.
Ulikileta nyumbani ndani ya gazeti
ukakiweka juu ya kabati letu, kota za Kurasini
(kielelezo kimekufa hicho, mume wangu),
na Semeni akajifunza kutembea chini ya kiatu kile,
nami nikapika, nikafua, nikalala, kikinitazama.
Usiku wa uchungu wa mtoto wa pili
ulikuwa Morogoro, unamfuata dereva mwenye kovu.
Kovu lilikuwa la mtu mwingine.
Mtoto hakungoja.

Sasa jana, sura ya kumi na tatu,
mwandishi kampa mke wa Mgoha mistari miwili:
alifungua mlango, akasema chakula kipo.
Miwili! Kitabu cha kurasa mia tatu na sita.
Nikageuza ukurasa kwa kishindo ili usikie,
nikasoma kisichokuwapo:

"Mkewe aliufunika ugali kwa sahani,
akaufunua, akaufunika tena.
Akawaza: yupo marehemu anayetafutiwa haki,
na yupo aliye hai
asiyeulizwa swali hata la shahidi.
Akatamani siku moja aketishwe mezani,
aandikwe jina, umri, kabila, kazi,
aulizwe, usiku ule ulikuwa wapi?
Nilikuwa hapa. Andika.
Nilikuwa hapa."

Feni ikakwama, ikazunguka.
Huko Tabata Relini mbwa alibweka, akaacha.
Ukageuza uso, si kwangu hasa, kwenye sauti.

"Limeandikwa hilo?"
"Limeandikwa."
"Ukurasa wa ngapi?"
Kachero ni kachero, hata akistaafu, hata akipofuka.
"Mia mbili na kumi na moja," nikasema,
sauti ikanitetemeka kama ya wale
uliokuwa ukiwavunja kwa kuwanyamazia tu.

Ukanyoosha mkono, ukakitwaa kitabu,
ukakisogeza hadi kikagusa pua,
ukapitisha kidole juu ya karatasi taratibu,
mstari kwa mstari, kama atafutaye alama za mtu.
Hukuona kitu. Najua hukuona.
Ukanirudishia, kikiwa kichwa chini.

"Rudia," ukasema. "Polepole.
Anzia hapo pa usiku ule."

Nikarudia. Safari hii sikukifungua kitabu.
Nilisema na mengine, ya Kurasini, ya jina
tulilokuwa tumemwekea yule mtoto,
na kalamu hukuwa nayo,
ila kidole chako, juu ya goti,
kilikuwa kinaandika.