Namba ya Bunduki

Karani alikuwa na meza ya kukunja, kalamu mbili,
na mwavuli wa kumkinga na theluji nyepesi.
Jina? Dilsari Gharti.
Kazi yako vitani?
Nikasema: kiongozi wa kikosi, wanawake tisa,
baadaye sita.
Akaandika: mpishi.

Sikatai, nilipika.
Nani hakupika? Hata Jitman, fundi wa mabomu,
alikoroga uji wa ulezi kwa fimbo ya kusafishia mtutu.
Yeye hakuandikwa mpishi.

Silaha yako iko wapi?
Bunduki moja, mtu mmoja: ndivyo amani ilivyohesabiwa.
Yangu waliichukua Jumanne iliyotangulia
wakampa kijana wa juzi, ndevu hazijamtoka,
ili naye apate kitu cha kukabidhi.
"Dada, wewe una mtoto mgongoni," waliniambia,
kana kwamba mtoto ni cheo kipya.
Namba yake ninayo: saba, nne, nne, sifuri, moja, tisa.
Sauti ya mama imenipotea. Namba haijanipotea.

Nikamwonyesha karani paji la uso,
bonde lililochimbwa na ukanda wa kikapu:
mchele, risasi, kisha Sunkesari mwenye mguu mmoja,
mikesha mitatu ya kupanda, naye akinitania
kwamba sasa amekuwa mwepesi.
Kwa mwenye meza, mzigo wangu ulikuwa kanda la usufi.
Alisema fomu haina nafasi ya paji la uso.

Nikashuka nyumbani.
Baba mkwe anataka niinamishe macho nikimpa maji.
Nainamisha.
Chini ndiko tulikotega.

Usinihurumie haraka. Hakuna aliyeniteka.
Nilikuwa na miaka kumi na saba, posa mezani,
mbuzi wawili na saa ya mkononi,
nikatoka kwa mlango wa zizi na viatu vya kaka yangu.
Niliyoyatenda huko niliyatenda mimi.

Jumamosi hukutana wanawake kumi na wanne
chini ya bati la shule, akiba na mikopo.
Mweka hazina ni mimi. Walinyoosha mikono,
hakuna aliyeniuliza silaha.
Miongoni mwao Bishnumaya, mjane wa polisi
wa kituo kile cha ng'ambo ya mto,
usiku ule wa mvua.
Anajua. Najua kwamba anajua.
Alikopa akanunua nyati jike, analipa bila kuchelewa,
na maziwa yake nimeyanywa kwenye chai ya kikundi
nikayasikia yakipita koo.

Wiki iliyopita tulibaki wawili,
wengine wamekimbilia mpunga ulioanikwa.
Alikuwa akihesabu noti zake, kidole kimelowa mate.
Bila kuinua kichwa akauliza:
"Wewe ulikuwa upande wa mto, au wa lango?"

Ningeweza kusema: mpishi.
Imeandikwa, ina mhuri.

Nikasema: langoni.

Akanyamaza. Akazirudisha noti pamoja,
akazinyoosha pembe,
akaanza kuhesabu upya, tangu ya kwanza.