Kupima Nyumba ya Mkomani

Nimetumwa na warithi watano
na utepe wa mita thelathini, daftari, penseli mbili.
"Pima tu," wameniambia, "tugawane."

Naanza kwenye daka,
baraza mbili zikitazamana kama mawifi,
mawe yamelainika kwa vikao vya watu
ambao leo wamebaki majina kwenye hati.

Chumba cha kwanza: upana, mita mbili na themanini.
Cha pili: mbili na themanini.
Cha ndani kabisa: vivyo hivyo.
Naudhika. Nani hujenga nyumba nzima kwa kipimo kimoja?
Bi Mwanashee, mshika funguo, anacheka,
ananyoosha kidole darini.
"Hesabu boriti, mwanangu.
Mkoko haukuulizwa unataka urefu gani.
Ulipoishia, ndipo ukuta uliposimama."

Kumbe walioana, wakazaa, wakanuniana
ndani ya upana wa mti mmoja.

Naandika: pembe hazitimizi nyuzi tisini, hata moja.
Zidaka za ukuta wa ndani, safu tano,
za kando nyembamba kuliko za kati;
fundi alijua jicho hudanganyika,
akalidanganya kwa adabu.
Kimoja kina kigae cha sahani ya buluu.
Kingine, chaja ya simu.

Nafika nyumba kati.
Utepe unanasa.
"Hapa nilizaliwa," asema, "na hapa mamangu alioshwa.
Maji yote yalipita shimo hilo hilo.
Hiki utampa nani, na kwa mita ngapi?"

Nageuza ukurasa, kama mtu mwenye kazi.

Halafu kuna wikio,
chumba kilichoruka kichochoro
kumfuata binti aliyeolewa ng'ambo,
asije akashuka njiani kila anapomkumbuka mamake.
Chini yake hapana kiwanja,
kuna punda, na watoto wa chuo, na mchuuzi wa mabuyu.
Mirathi ina thumuni, ina sudusi;
sijui fungu la kitu kinachoning'inia.

Nikitoka, chokaa inanidondokea begani,
unga wa matumbawe yaliyochomwa
kabla babu wa babu yake hajapewa jina.
Sikujipangusa.

Warithi nimewapelekea karatasi moja:
upana, mita mbili na themanini.
Kwenye mstari wa urefu
nimeandika kwa penseli, wakitaka wafute:
muulizeni Bi Mwanashee.