Asilimia Nne

Saa nane usiku, Tabriz. Theluji imemeza ngazi za maabara,
na Aylar Qaradaghi anachemsha maji yasiyokuwepo.

Sanduku lake ni mraba, halina hata unene wa karatasi.
Ukuta wa kushoto ameupa moto, wa kulia baridi,
juu na chini ameziba.
Ndani, maji. Ndani ya maji, vumbi la shaba,
chembe ndogo kiasi kwamba unywele wake mmoja
mbele yao ni mnara.

Hakuna pampu. Hakuna mwiko.
Maji yakipata moto huwa mepesi, yakapanda;
yakipoa huelemewa, yakashuka.
Birika linajua hilo bila kusoma.
Kompyuta haijui mpaka iambiwe,
kijumba kwa kijumba, vijumba elfu kumi na nane,
kila kimoja kikimuuliza jirani:
wewe una joto kiasi gani? waelekea wapi?
na jibu likibadilika, waulizane upya.

Kosa linashuka kwenye kioo, polepole,
kama mtu anayeteremka ngazi na ndoo iliyojaa.
Halafu linakwama.
Halafu linapanda.
Aylar analaani kwa Kituruki cha mama yake,
anafupisha hatua, anaanza tena.

Dakta Haghverdi alishaandika muhtasari tangu vuli:
shaba ikiongezeka, joto husafiri haraka.
Shaba ni shaba, alisema. Ongeza tu.
Asilimia moja: kweli.
Mbili: kweli, lakini kwa shingo upande.
Nne, na mzunguko wa katikati unazubaa.
Maji yamenata kama uji wa jana;
wachukuzi wamejaa hadi hawapishani.

Anakagua alama za kutoa. Anakagua mnato.
Anaondoa shaba yote, anaweka hewa tupu,
hesabu ya zamani ambayo jibu lake kila mtu analo.
Inalingana hadi tarakimu ya tatu.

Dirisha limefungwa, mlango umefungwa,
na juu ya hita pazia linatikisika.
Analitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

*Dakta, asilimia nne haifai. Michoro nimeambatisha.*
Alikuwa ameanza na *samahani*. Ameifuta.

Anamimina chai, anabana kipande cha sukari menoni.
Jani moja limebaki ndani ya bilauri:
linapanda upande huu,
linashuka upande ule,
na yeye, mwenye vijumba elfu kumi na nane,
hajui litatua wapi.