Leta Taa Nikusikie

Alikuja dukani, Mtaa wa Narung'ombe, saa nne asubuhi,
amekumbatia skrini kama mtoto mwenye homa.
"Fundi Mchopa, sauti inatangulia picha."
Kwa kiasi gani?
"Nusu ya nusu ya kupepesa."
Nikacheka. Wateja wangu huvumilia makubwa kuliko hayo:
mtangazaji kafunga mdomo
na habari bado inamtoka.

Yeye hakucheka. Daktari Nakijwa, wa Upanga,
anapima pale jicho na sikio yanapokutana
ndani ya kichwa,
na lipi humpisha mwenzake.

Nilibadilisha kapasita mbili, nikapuliza vumbi,
nikaipeleka mwenyewe. Chumba hakina dirisha.
Kuta wamezivika magodoro; hata honi
za Barabara ya Umoja wa Mataifa hazifiki.
"Kaa," akasema, "uwe wa kwanza tangu ipone."

Kwenye skrini mwanamume, midomo mikavu.
"Anasema nini?"
Dada, nikajibu. Anamwita dada.
"Fumba macho."
Baba.
Nikafumbua: dada. Nikafumba: baba.
Nikashuku waya. Nikapapasa nyuma ya skrini kifundi,
sikukuta kosa, nikaona basi kosa ni mimi,
naye akasema hapana kosa.
Midomo ile inasema gaga, kama gaga la kisigino;
sauti ni baba, ilirekodiwa siku nyingine.
Kichwa chako hakikupenda ugomvi nyumbani,
kikapita katikati,
kikamzaa dada.

Sikio halizidi kichwa, walisema wazee,
nao walikuwa wanawakanya watoto tu.

Akanionyesha daftari lake. Swali la kwanza,
*Umesikia nini?*, limekatwa kwa wino mwekundu
tangu bibi mmoja wa Temeke alipolijibu:
"Nimesikia baridi, mwanangu,
na harufu ya dawa ya mbu."
Alikosoma, alisema, hisia zilikaa kila moja chumba chake,
na milango ikachukua miaka kufunguliwa.
Huku kwetu watu wanasikia njaa, wanasikia uchungu,
wanasikia marashi kabla mvaaji hajabisha hodi.
Akafunga daftari. "Sijui niliandike vipi," akasema,
na kwa mara ya kwanza alionekana mchovu.

Nilitaka kumweleza habari za mama.
Lakini alishaanza kuhesabu majibu yangu,
na elfu kumi ya nauli ilikuwa kwenye bahasha
inayosubiri sahihi.

Usiku ule Mbagala umeme ukakatika
katikati ya sentensi yangu.
Mama ana miaka sabini na minane
na sikio moja linalomtii.
Nikaendelea gizani: leo nimemsikia baba.
"Dada yako? Anakuja lini?"
Baba, mama. Baba!
"Mwambie aje na unga."
Nikapaza sauti mpaka jirani akakohoa ukutani.
Kimya. Halafu, taratibu, kama anayeomba maji:
"Leta taa nikusikie."

Ameyasema hayo miaka mingapi?
Nilidhani ni uzee,
nilidhani maneno yanamteleza kama sabuni,
na mara nyingine, Mungu anisamehe,
niliwasimulia mafundi wenzangu tukacheka.

Simu ilikuwa imezima. Nikapapasa kiberiti.
Njiti ya kwanza ikavunjika.
Ya pili ikashika, nami sikumsogezea yeye,
nikaishika karibu na mdomo wangu,
nikafunga midomo, nikaifungua,
nikaifunga tena, nikaifungua:
ba, ba.

Akanitazama, si machoni, chini kidogo.
"Aa," akasema. "Baba yako."
Akajisogeza mkekani. "Haya, alisemaje?"

Sikuwa na jibu.
Njiti ilikuwa imefika mwisho.
Nikasikia moto.